Mahali pa Kufungia: Namna ya Kuipima Kazi ya Balamwezi

Kiti kibaya kimepigiwa makofi mjini Kalemie, na safari hii sinyamazi. Kilikuwa kigoda cha zawadi, kikakabidhiwa mgeni baada ya hotuba ndefu na soda za moto. Msemaji alikisifu kuwa ni sanaa ya mababu wa Kitabwa, inayoonyesha mwezi mwandamo ukichomoza kutoka ziwani. Watu walipiga picha, mgeni akakikumbatia, kila mmoja akaenda zake ameridhika. Hakuna aliyekigeuza. Upande wa nyuma kulikuwa na pembetatu moja iliyobanwa na jirani zake mpaka ikabaki ufa tu, na juu yake fundi alikuwa amepaka rangi ya viatu ili jicho lipite bila kusimama.

Nianze na huo mwezi, maana asiyeujua mwezi hana haki ya kusifu balamwezi, nakshi yetu ya safu za pembetatu. Kalemie iko ufuoni magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Ziwa liko mashariki yetu. Mwezi mwandamo huonekana magharibi, jua likishazama, juu ya nchi kavu, upande ule ambako mto Lukuga hulikimbia ziwa. Hukaa kitambo kidogo, umelala chali, pembe zake juu, kwa kuwa sisi tu jirani wa ikweta, kisha unazama nao. Mwezi unaotoka ziwani wakati wa magharibi ni mwezi mpevu. Ule mwembamba unaotoka ziwani alfajiri ni mwezi mkongwe, unakwenda kufa. Mvuvi yeyote wa ndagala angemrekebisha msemaji, kwa sababu taa zake hazina kazi mwezi ukiwa mpevu, na siku za giza ndizo zinazomlisha. Lakini wavuvi hawaalikwi kwenye hotuba.

Siandiki hapa kwa anayeuliza balamwezi ni nini. Aliyekulia kati ya Kalemie, Mpala na Moba ameiona kabla hajajua kuihesabu: kwenye vigoda na ngoma, kwenye vitana, mikeka na vikapu, kwenye nkaka, mikanda ya shanga ya kichwani ya wenye pepo wa bulumbu. Naandika kwa anayeiona kila siku na bado anadanganywa. Na niseme mapema kwamba ukiona mwezi wenyewe umechongwa, ule wa pembe mbili, pamoja na nyota pembeni yake, weka chini uende. Huyo hakuchonga balamwezi, amechonga bendera.

Mti na tezo

Kigoda ni gogo moja. Kalio, miguu na kitako vyote vimetoka ndani ya mti mmoja bila gundi wala msumari. Hili halina mjadala, wala sitapoteza karatasi kulitetea.

Mti ni mulombwa. Wapo wanaochonga miti mingine na wakafanya kazi nzuri, najua, lakini kigoda cha mti mweupe kwangu ni kigoda cha mazoezi. Mulombwa ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, na moyo wake ukikauka hubaki na wekundu wa kahawia ambao hauhitaji msaada. Kwa hiyo mnunuzi hana haja ya maabara. Pindua kigoda, ukwaruze kwa ukucha chini ya mguu. Wekundu ukiisha mahali ukucha ulipopita, umeuziwa rangi. Tangu miaka ya 2010, magari yalipoanza kusomba mukula, mti mwingine mwekundu, kutoka Katanga kwenda kuuzwa ng'ambo, kila gogo jekundu limepanda bei, na kila gogo jeupe limejifunza kuwa jekundu.

Tazama pia moyo wa mti ulipo. Fundi mjinga huuacha katikati ya kalio, na baada ya kiangazi kimoja ufa unakimbia kutoka hapo hadi ukingoni. Fundi anayejua hupasua gogo kwanza, akachonga kutoka ubavuni. Ufa mdogo wa uzee si kosa. Ufa uliojazwa unga wa mbao na gundi ni kosa mara mbili.

Kisha alama za tezo. Chini ya kalio, mahali ambapo mkaaji hafiki, lazima ubaki mfululizo wa vipigo vidogo, vyote vimeelekea upande mmoja, vimekaribiana. Hiyo ndiyo sahihi ya mkono. Ukikuta pamesuguliwa msasa, jiulize kilichofutwa ni nini. Mimi msasa nauhesabu kuwa adui. Kigoda kinapaswa kulainishwa na kisu, halafu na majani makavu, halafu na makalio ya watu kwa miaka mingi. Kinachong'aa siku ya kwanza hufaa mapokezi ya hoteli.

Pembetatu yenyewe

Kimo kizidi kitako, lakini kidogo. Pembetatu fupi na pana hulala, ndefu mno huwa miiba. Usiniulize kipimo kwa sentimita. Kipimo kipo, na ukishaona vigoda vya kutosha utakijua.

Kila ubavu ukatwe kwa pigo moja la kisu. Fundi anayerudia mkato huacha ukingo wenye meno, na meno hayo huyaoni, unayasikia kwa kidole. Ncha ifike kwenye mstari wa mpaka na kuugusa. Isiuvuke, isikome njiani. Ndani ya pembetatu mikato midogo ikatizane kwa nafasi sawa, au pasiwe na mikato kabisa. Mtu aliyejaza pembetatu mbili akaacha ya tatu tupu hakubuni mtindo. Alichoka.

Haya yote mnunuzi makini anaweza kujifunza kwa wiki moja sokoni. Linalofuata halifunziki kwa wiki, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mahali pa kufungia

Mstari wa balamwezi kwenye mkeka una mwanzo na mwisho, na ukikosea hesabu unaongeza au kupunguza kidogo, hakuna atakayejua. Kwenye kigoda mstari unazunguka. Kwenye ngoma unazunguka. Pembetatu ya kwanza inamngoja fundi upande wa pili, na yeye anaielekea huku mti ukizidi kupungua. Asipoangalia, ya mwisho huingia kama abiria wa mwisho kwenye boti la Moba, mguu mmoja ndani, mwingine majini.

Pale ambapo ya mwisho inakutana na ya kwanza ndipo mahali pa kufungia. Kazi yote ya balamwezi ya mviringo hupimwa hapo. Nakshi ya mbele itakuambia kama fundi ana mkono. Mahali pa kufungia patakuambia kama alikuwa anafikiri tangu pembetatu ya kwanza, au alikuwa anaanza tu na kumwachia Mungu.

Mwanagenzi hapatazami kamwe. Humwona fundi ameshika kigoda, akiwa amemwelekezea upande mmoja, naye anautazama upande huohuo kwa adabu. Utamsikia anauliza mti gani, umri gani, bei gani. Hatasema: nipe nikishike.

Namna ya kupatafuta ni hii. Kaa chini, weka kigoda mapajani, fumba macho. Weka kidole gumba juu ya ncha za pembetatu na kidole cha pili kwenye vitako vyake, halafu zungusha kigoda, si mkono. Vidole vitazoea mwendo ndani ya pembetatu tano au sita. Vikishazoea, endelea. Popote mwendo utakapobadilika, pakawa na hatua fupi au hatua ndefu, simama ufumbue macho. Macho peke yake hayafai kazi hii. Huwa yanarekebisha kosa kabla hayajakuarifu.

Kuna shule mbili za kufunga. Ya kwanza ni ya uzi. Mzee mmoja wa upande wa Mpala, mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, alizungushia ukingo wa kigoda uzi wa ukindu, akaukata pale ulipokutana, akaukunja katikati, tena katikati, tena, na tena. Uzi uliokunjwa mara nne umegawanyika sehemu kumi na sita. Aliurudisha kwenye ukingo na kutia alama ya mkaa kila palipokunjika. Kabla kisu hakijagusa mti, pembetatu zote kumi na sita zilikuwa zimekwisha kaa mahali pake, na ya mwisho ilikuwa na nafasi yake sawa na ya kwanza. Alipotaka ishirini na nne alikunja uzi mara tatu kwanza, kisha kila sehemu akaigawa kwa tatu, na kugawa kwa tatu ndiko kuliko kugumu, kwa sababu uzi haujikunji wenyewe hivyo. Ukikuta kigoda chenye pembetatu kumi na mbili au ishirini na nne, zote sawa, mheshimu aliyekichonga hata kama miguu imepinda.

Shule ya pili ni ya jicho. Hawa hawapimi. Huanza mahali popote na kuchonga kwenda kulia na kushoto kwa zamu, hivi kwamba pande mbili zinakuja kukutana. Wakibakisha mwanya wa kama kiganja, husimama. Wengine huenda kula bukari kwanza. Kisha huitazama nafasi iliyobaki na kuamua itakaa pembetatu ngapi, na tofauti yote wanaigawa kidogo kidogo juu ya tano au sita za mwisho, kila moja ikipokea unywele mmoja wa dhambi, mpaka hakuna hata moja yenye dhambi inayoonekana. Vidole vyako vitakaribia kuhisi kitu, halafu kitapotea.

Mimi niko upande wa shule ya jicho, na wengi hunipinga. Kazi ya uzi ni sahihi kuliko ya jicho, nakubali. Lakini imenyooka kupita kiasi. Kigoda cha jicho kina pumzi: pembetatu zinapanuka na kubana kidogo zinapouzunguka mti, na mti wenyewe si duara kamili. Anayetaka duara kamili anunue sufuria.

Fundi wa kweli huweka mahali pa kufungia mbele, upande ule ule ambao mwenye kigoda huwatazama wageni. Niliwahi kumwona mzee mmoja akimpa mnunuzi kigoda na kumwambia atafute. Yule akazungusha, akazungusha, akainua macho. Mzee akaweka kidole mbele kabisa, katikati, akacheka hadi kikohozi kikamshika. Huo ndio ufahari. Mwenye aibu hufungia nyuma.

Na sasa wadanganyifu, kwa kuwa wamekuwa wengi kuliko mafundi. Wa kwanza ni mpaka rangi, niliyekwisha mtaja. Wa pili hupigilia msumari wa shaba wenye kichwa kikubwa juu ya pembetatu iliyobanwa, kisha mitatu mingine kuzunguka ukingo, ili wa kwanza usionekane mpweke. Hesabu umbali kati ya misumari. Ukiona mitatu imepangwa vizuri na mmoja umehama, chini ya huo uliohama ndipo palipo na siri. Wa tatu ni mwenye mjusi. Amebakiza nafasi kubwa kuliko pembetatu moja na ndogo kuliko mbili, basi anamchonga mjusi humo, na wageni wanampenda mjusi kuliko kigoda kizima. Kila mjusi niliyemkuta ukingoni mwa kigoda kipya amelala juu ya hesabu ya mtu iliyokataa.

Wa nne ndiye ninayemchukia na kumvulia kofia kwa pamoja. Huyu alikuwa na ngoma yenye pembetatu moja nyembamba mno, haina hata mahali pa kupitisha kisu. Mnunuzi alipoigundua, muuzaji hakutetemeka. Alishusha sauti, akaeleza kwamba huo ni mwezi unaokufa, kwamba mafundi wa siri tu ndio huuchonga, na kwamba ngoma yenye mwezi unaokufa bei yake ni nyingine. Mnunuzi akaongeza pesa. Ukisikia kosa limepewa jina, funga mfuko wako.

Wala sisi wa ziwani si wa kwanza kuhukumiana kwa kiungo. Mafundi wa Lahore, enzi za wafalme wa Mughal, walitengeneza tufe za nyota za shaba kwa ajili ya wanafalaki na wapiga ramli za nyota, na mashuhuri kati yao alikuwa Diya al-Din Muhammad wa karne ya 17, kizazi cha nne cha ukoo uliofanya kazi hiyo. Tufe zao hazikuwa na kiungo. Waliunda tufe ya nta juu ya kiini cha udongo, wakaifunika kwa udongo mwingine, wakayeyusha nta na kumwaga shaba mahali pake, ikatoka nzima. Emilie Savage-Smith alipozikusanya na kuzieleza katika kitabu chake cha mwaka 1985, hakutosheka na nakshi ya nje. Alichunguza namna tufe ilivyotengenezwa, ina mshono au haina, na viziba vilikaa wapi. Tufe za mapambo zinazouzwa leo katika maduka ya vitu vya Kihindi ni nusu mbili zilizounganishwa kiunoni, na mshono umefichwa chini ya mkanda wa ikweta. Msumari wa shaba na mkanda wa ikweta ni ndugu.

Tufe hizo zina mtego mwingine wa kufurahisha. Anayetazama tufe ya nyota yuko nje ya mbingu, kwa hiyo makundi ya nyota lazima yachorwe yamegeuka, kulia kuwa kushoto. Mnakili wa sokoni anayenakili kutoka ramani ya anga ya karatasi, ile iliyochorwa kwa mtu aliyesimama chini na kuinua macho, huzichora jinsi zinavyoonekana kutoka ardhini, na kwa kosa hilo moja unajua kwamba hajawahi kujiuliza amesimama wapi. Msemaji wetu wa mwezi wa ziwani hakujiuliza pia.

Giza

Kati ya pembetatu mbili zilizosimama kuna moja iliyopinduka, ambayo hakuna aliyeichonga. Hiyo ndiyo giza. Katika kazi nzuri giza lina kimo kilekile na kitako kilekile cha ile iliyochongwa. Tazama ukingo kwa muda, utaona pembetatu zinabadilishana zamu: mara zilizochongwa zinasogea mbele, mara giza linasogea mbele. Katika kazi mbovu hazibadilishani. Utaona pembetatu zimesimama zenyewe, na kati yake uwanja tu.

Allen Roberts, aliyeishi miongoni mwa Watabwa katika miaka ya 1970, aliyaeleza haya kwa urefu katika kitabu alichokitoa pamoja na Evan Maurer mwaka 1985, kuhusu karne moja ya sanaa ya Kitabwa, na kitabu hicho wakakipa jina la balamwezi yenyewe: kuchomoza kwa mwezi mpya. Alionyesha kwamba nakshi hii inabeba pande mbili, mwanga na usiku wa bila mwezi, tumaini na hatari. Sikuhitaji profesa aniambie, lakini nafurahi alisema, maana kijana wa siku hizi husikia neno la kitabu kabla ya neno la babu yake. Fundi asiyelipa giza haki yake amechonga nusu ya mwezi na kukuuzia mzima.

Shanga, mpande na sanamu

Nkaka nitaigusa kwa haraka, kwa sababu wanaozijua hawazungumzi sana na wanaozungumza hawazijui. Hufungwa kwa kamba nyuma ya kichwa, kwa hiyo mshonaji amesamehewa mtihani wa kufungia. Mtihani wake uko kwenye ncha. Ukipunguza ushanga mmoja kila upande kwa kila mstari, kitako cha shanga saba kitaishia ushanga mmoja, na kitako cha shanga nane kitaishia shanga mbili, ncha butu. Nkaka yenye ncha butu imeshonwa na mtu ambaye hakuhesabu kitako. Shanga ziwe za kioo. Samisami nyekundu zilizovuka ziwa kutoka Ujiji enzi za misafara zilikuwa za kioo, na ukizigusisha mdomoni zina baridi. Plastiki ina joto la mkono wako. Nyeupe, nyekundu na nyeusi zinatosha. Aliyeongeza kijani na njano anashonea harusi.

Mpande, kile kisahani cha kombe la baharini, ni habari ya pesa tangu zamani. Livingstone, alipopokelewa na Shinte mwaka 1854, aliandika kwamba makombe mawili ya namna hiyo yangemnunua mtumwa na matano yangenunua jino la tembo. Kitu cha thamani hiyo hakikosi mwigaji, na viwanda vya Ulaya vikaanza kutuma mpande za kauri, nyeupe, za duara, zimepigwa mzunguko juu. Kombe la kweli mzunguko wake hupanuka unavyokwenda nje, na upande wa pili umekwaruzika kwa kusagwa jiweni. La kauri mzunguko wake una upana mmoja mwanzo hadi mwisho, na mgongo laini. La plastiki halistahili sentensi.

Sanamu zitazame mgongoni kwanza. Mbele kuna uso, na uso humteka kila mtu. Mgongoni kuna msuko wa nywele unaoshuka, kuna chale, kuna mulalambo, ule mstari unaopita katikati na kuugawa mwili sawa kwa sawa. Mulalambo ukiyumba, sanamu imekufa, hata kama uso ni mzuri. Anayetaka kuona kazi ya juu kabisa ya aina hii siku hizi lazima apande ndege. Mwezi Desemba 1884 watu wa Emile Storms, Mbelgiji aliyejenga ngome Mpala mwaka mmoja kabla, walimuua chifu Lusinga na kumkata kichwa. Fuvu lilikwenda Brussels, na sanamu yake ya babu ikaishia katika makumbusho ya Tervuren. Storms alikuwa mkatili, lakini jicho alikuwa nalo, na hilo ndilo linalouma. Hakuchukua vibaya.

Ndiyo maana watoto wetu hujifunza sanaa yao kutoka kwenye vitu alivyoviacha Storms na waliomfuata. Katika ujana wangu bado kulikuwa na wazee wenye vigoda vya baba zao chini ya dari, vimeiva kwa moshi, na treni ya Kabalo, ambayo reli yake ilifika ziwani mwaka 1915, ilileta wanunuzi wenye haraka ambao wazee hawakuwapa kitu. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilipokuwa kikifuma, mtu mwenye mshahara alijichongesha kigoda kwa ajili ya kukalia. Alikikalia, akakikagua kila jioni, na fundi aliyemuuzia kigoda kibaya alikutana naye sokoni kila wiki. Hakuna shule ya sanaa iliyo kali kuliko jirani mwenye kigoda chako.

Bei

Sasa mnunuzi na fundi hawakutani tena. Zawadi hununuliwa na katibu, ikakabidhiwa na mkubwa, ikapelekwa mbali na mgeni, na hakuna hata mmoja wa hao watatu atakayeikalia. Katika mwendo huo, pembetatu iliyobanwa haimgharimu fundi chochote. Anayefunga vizuri hutumia siku nzima kwenye ukingo peke yake. Mwenye mjusi humaliza alasiri moja. Wanalipwa sawa, na mwenye mjusi anapigiwa makofi. Kijana anayeangalia haya atajifunza kipi? Atajifunza mjusi.

Hapa Katanika, nje ya mji wa Kalemie, hali ni kali zaidi. Tangu ugomvi wa Watwa na Waluba uwatoe watu vijijini na kuwajaza huku kwa maelfu, wamo ndani ya mahema wanaume waliokuwa wakichonga walikotoka. Mti ni ghali, tezo limebaki kijijini, na mtoto anataka kula leo. Simlaumu mtu wa namna hiyo akichonga haraka. Namlaumu mwenye gari anayenunua kumi za haraka kwa bei ya kutupa, kisha anasimama mbele ya kipaza sauti kutuambia hivyo ndivyo mababu walivyochonga. Nawalaumu pia wanaofika hemani kununua kigoda cha urithi kwa bei ya debe la unga, tena wao jicho wanalo.

Kwa hiyo, ukitaka kigoda, usikinunue kilichokwisha tengenezwa. Mtafute mchongaji, mletee gogo la mulombwa au mpe pesa ya gogo mapema, umwambie hutaki msasa, rangi wala misumari. Msipatane bei ya kazi. Mwambie kwamba siku ya kukabidhiana utafumba macho na kutafuta mahali pa kufungia mbele yake, na jirani zake watakuwepo. Ukipapata upesi, utamlipa ya kawaida na hamtagombana. Ukishindwa, ataje bei mwenyewe, nawe usimpunguzie hata franka moja.